Charaka, Sushruta au Vagbhata: kipi kitangulie kusomwa?

Mpenda Kale: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa somo kuhusu maandishi ya mwanzo ya tiba ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na nafasi niliyo nayo inatosha kusoma kitabu kimoja kwa utulivu. Je, nianze na Charaka Samhita, Sushruta Samhita au Ashtangahridaya ya Vagbhata? Lengo langu ni historia, si kutibu mtu.

Mwalimu wa Jioni: Kwa historia ya fikra, anza na Charaka. Kitabu chenyewe hueleza kuwa ni mafundisho ya Atreya yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Agnivesha, yakasahihishwa na Charaka, na baadaye Dridhabala akajazia sehemu zilizokosekana. Mbali na nadharia ya vata, pitta na kapha, yaani nguvu tatu zinazosemwa kuongoza mwili, sura ya 8 ya sehemu iitwayo Vimana inamfundisha tabibu kujadiliana na wenzake, ikitenganisha mjadala wa kirafiki na ule wa uhasama. Tena sura hiyo huanza kwa kumshauri mwanafunzi namna ya kuchagua kitabu cha kusoma, kwa hiyo swali lako lina umri mkubwa.

Mkasi: Naheshimu rai hiyo, lakini sikubaliani nayo. Sushruta ndiye anayetuonyesha mikono ya tabibu ikifanya kazi. Anataja vyombo butu 101 na vyenye makali 20. Anaagiza mwanafunzi ajizoeze kukata kwenye maboga na matango kabla hajamgusa mgonjwa. Anaeleza jinsi ya kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia nyama ya shavu, na jinsi ya kutibu mtoto wa jicho kwa sindano. Ili kuujua mwili, maiti hufungwa kwa nyasi, huwekwa katika maji ya mto kwa siku saba, kisha husuguliwa taratibu, tabaka baada ya tabaka, huku mwanafunzi akitazama. Charaka hakupi hayo.

Hati za Mkono: Wote wawili mnazungumza kana kwamba kila kitabu kiliandikwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Sushruta ina sura 120, kisha nyongeza ya sura 66 iitwayo Uttaratantra, na matibabu ya mtoto wa jicho yamo katika nyongeza hiyo. Nakala yake ya kale iliyohifadhiwa Nepal ni ya mwaka 878, yaani karne nyingi baada ya maneno yenyewe kutungwa. Mtu wa historia asiupuuze pia Mswada wa Bower, mkusanyo wa maandishi yakiwemo ya tiba, ulioandikwa kwenye magome ya mti na kununuliwa Kucha, Asia ya Kati, mwaka 1890. Wataalamu huuweka karibu na karne ya 6, na sehemu yake ya kwanza hufungua kwa sifa za kitunguu saumu.

Mpenda Kale: Na Vagbhata mbona ameachwa?

Mwalimu wa Jioni: Vagbhata, wa mnamo mwaka 600, ni mfupishaji hodari aliyepanga kwa mashairi yale waliyoyasema waliomtangulia. Ashtangahridaya ilienea sana, hata ikafasiriwa Kitibeti, lakini kwa anayetafuta mwanzo wa tiba hii inakuonyesha elimu ikiwa tayari imepangwa.

Mkasi: Basi soma Sushruta, sehemu iitwayo Sutra, sura ya 7 hadi ya 9 kwanza. Vyombo na mazoezi yote yamo humo.