Naomba ushauri: Patrick White nianze naye wapi?

Wanajamvi, habari za jioni. Nataka kumsoma Patrick White, yule Mwaustralia aliyepewa Nobel ya Fasihi mwaka 1973 asiende Stockholm, akamtuma mchoraji Sidney Nolan kuipokea. Nilianza na Voss (1957), safari ya Mjerumani anayetaka kulivuka bara la Australia. Nimeirudia mara mbili, na tiketi ya daladala niliyoweka alama bado iko ukurasa wa 60. Sentensi zinakatika ghafla, napotea. Kamusi haisaidii, maana maneno yenyewe nayajua! Je, niiweke kando nishike The Tree of Man (1955), au nitangulize Flaws in the Glass (1981), anamosimulia maisha yake? Na mliomaliza Voss, inaanza kufunguka wapi?