Mrejesho: Usalama wa Hyde Park na maombi ya Chuo Kikuu cha Chicago

Wakuu, niliuliza kama sifa ya chuo hiki kwenye uchumi inatosha mdogo wangu aombe, wakati kila mtu anaiogopa South Side, upande wa kusini wa jiji la Chicago ulipo mtaa wa Hyde Park na chuo chenyewe. Asanteni sana mliojibu.

Uliosaidia zaidi ni ushauri wa kusoma ripoti ya usalama ambayo sheria ya Marekani ya 1990, Clery Act, inavilazimisha vyuo kuitoa kila mwaka ikiwa na takwimu za uhalifu za miaka 3. Ila peke yake haikutosha: inahesabu matukio ya chuoni na barabara zinazopakana nacho, siyo mitaa wanakopanga wanafunzi. Tukaingia kwenye takwimu huria (zilizo wazi kwa yeyote) za uhalifu za Jiji la Chicago, zinazoanzia 2001 na kuonyesha tukio lilitokea mtaa gani. Hyde Park na Washington Park zimepakana, lakini hali ni tofauti kabisa! Baba akatulia.

Kumpata Mtanzania anayesoma pale kumeshindikana. Mama naye hajaridhika moja kwa moja, ingawa kusikia wa shahada ya kwanza hukaa bwenini miaka 2 ya mwanzo kumempunguzia hofu.

Maombi yameshatumwa.