Kampuni ya dawa ilinilipia tiketi: niitaje jukwaani?

DaktariWaZamu: Shikamooni wakubwa. Mwezi ujao nitawasilisha mada ya kisukari kwenye kongamano la madaktari, na kampuni ambayo insulini yake naizungumzia ndiyo iliyonilipia tiketi ya ndege na hoteli. Mwenzangu anasema niweke tu slaidi ya "Hakuna mgongano wa maslahi", kwa kuwa sikupewa fedha mkononi. Moyo wangu umekataa. Je, tiketi inahesabika?

MamaMfamasia: Marahaba, mwanangu. Inahesabika. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2010 inazilazimu kampuni za dawa na vifaa tiba kuripoti serikalini malipo zinayowapa madaktari, na usafiri, malazi na hata chakula vimo. Tangu Septemba 2014 taarifa hizo ziko wazi mtandaoni, na mgonjwa anaweza kulitafuta jina la daktari wake.

Kumbuka yaliyomkuta José Baselga, mganga mkuu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Mwaka 2017 na 2018 aliyasifu hadharani matokeo ya majaribio mawili yaliyodhaminiwa na kampuni ya dawa ya Roche, ambayo wengi waliyaona ya kuvunja moyo, bila kutaja kwamba kampuni hiyo ilikuwa imemlipa. Gazeti la The New York Times na shirika la habari la ProPublica walipoyaandika hayo Septemba 2018, alijiuzulu ndani ya siku chache. Kinachoniuma ni kwamba huenda aliyasema kwa dhati kabisa, lakini waliomsikiliza walinyimwa nafasi ya kuyapima.

Mhadhiri_Tiba: Naongezea namna ya kutamka. Slaidi ya kutangaza maslahi yako isipite kama umeme. Baraza linaloidhinisha mafunzo endelevu ya madaktari huko Marekani hutaka mahusiano ya kifedha ya miezi 24 iliyopita, ya kiasi chochote, na haliruhusu nembo ya kampuni kwenye tangazo hilo. Sema kwa sauti: "Kampuni fulani, inayotengeneza insulini nitakayoizungumzia, imenilipia safari na malazi." Kisha nyamaza kidogo watu wasome.

Mkweli77: Nakubaliana nanyi, ila kutangaza hakutoshi. Katika jaribio la watafiti Cain, Loewenstein na Moore la mwaka 2005, watu walikisia thamani ya sarafu zilizomo katika chupa kwa kusaidiwa na washauri walionufaika makisio yakiwa makubwa. Washauri waliotangaza maslahi yao walizidisha chumvi kuliko walioficha, na wasikilizaji hawakupunguza vya kutosha. Kwa hiyo, Daktari, tumia majina ya kitaalamu ya dawa badala ya majina ya biashara, onyesha pia matokeo na bei ya insulini za kawaida, na umpe mtu asiye na uhusiano na kampuni yoyote azikague slaidi zako kabla hujapanda jukwaani.

DaktariWaZamu: Nashukuru sana. Slaidi nitazipeleka kesho kwa mfamasia wa wodi yetu. Nimekumbuka pia kwamba ada ya usajili ililipwa na kampuni hiyo hiyo, nami nitaitamka pamoja na tiketi.