Kibali cha kuwinda elki: Colorado, Idaho au Kentucky?

Mzee wa Aurora
Wakuu, nimeishi Colorado zaidi ya mwaka, kwa hiyo nahesabiwa mwenyeji (wao wanataka miezi 6 mfululizo). Nataka kuwinda elki, yule paa mkubwa wa Amerika Kaskazini, kwa bunduki. Shemeji yuko Boise ananivutia Idaho, rafiki wa Louisville anasifia Kentucky. Mfuko wangu mnaujua. Niombe wapi?

Mhehe_Denver
Baki hapa hapa, mkuu. Hakuna jimbo Marekani lenye elki wengi kama Colorado, wako karibu 280,000. Kwanza nunua leseni inayokustahilisha kuomba, mfano ile ya wanyama wadogo. Vibali hugawiwa kwa bahati nasibu, na maombi yanafungwa mapema Aprili. Ukikosa chaguo la kwanza kwenye maombi yako unapata pointi, na mwenye pointi nyingi ndiye anayetangulia. Vitalu namba 2, 10 na 201 vya kaskazini-magharibi visikutoe udenda: wanaovipata wamelimbikiza pointi tangu watoto wao hawajaanza shule. Mimi chaguo la kwanza naomba pointi tu, la pili naomba jike kwenye kitalu kisichogombewa. Nikimpata, pointi zangu haziguswi.

Boise_Kivu
Kungoja kote huko kwa nini? Kwenye bahati nasibu ya Idaho hakuna pointi. Aliyeanza mwaka huu na mkongwe wa miaka 20 wana nafasi sawa. Maombi ya elki ni 1 Mei hadi 5 Juni. Ila ndugu, tusidanganyane: wageni, yaani wasio wenyeji wa jimbo, wamewekewa kikomo cha 10% ya vibali hivyo, na bei yao ni mara nyingi ya ile tunayolipa sisi wenyeji. Shemeji hatakupunguzia hata senti.

MamaTatu
Kentucky ni dola 10 tu kuomba, mwisho 30 Aprili. Elki walirudishwa huko kuanzia 1997, kwenye kaunti 16 za kusini-mashariki zenye migodi ya makaa. Wageni nako ni 10%. Tuma, kisha usahau kabisa.

Kijana_wa_Chuo
Samahani wakubwa, mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kushika bunduki?

Mhehe_Denver
Sheria ya shirikisho inakataza wenye viza za muda, bunduki na risasi pia, isipokuwa uwe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Ikiisha muda, ruhusa nayo imeisha. Wenye green card na wakimbizi hawaguswi na katazo hilo. Na nyote mliozaliwa kuanzia 1949, Colorado haiwauzii leseni bila cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Boise_Kivu
Huku kwetu ni kuanzia 1975, wazee wanapumua.

Mhehe_Denver
Haya. Ila msimu wa bunduki huku, kijana kwa mzee, lazima uvae rangi ya chungwa au waridi inayowaka, inchi za mraba 500, pamoja na kofia. Askari wa wanyamapori wanakagua.

Mzee wa Aurora
Basi ni jike, chaguo la pili. Dola 10 za Kentucky nitazituma pia, mama watoto asijue.