Mjadala: Mfungwa wa Kiingereza aliyepelekwa Australia, alikuwa mwonewa au mnyang'anyi wa ardhi?

Mtoa mada

Wakuu, kila inapokaribia Januari 26 ubishi huu unarudi. Australia inasherehekea siku ambayo mwaka 1788 Kapteni Arthur Phillip alitua Sydney Cove na msafara wa meli 11 uliobeba wafungwa. Waaborijini, wenye nchi yao, wanaiita siku ya uvamizi. Wapo wanaosema wafungwa wale walikuwa maskini waliotupwa mwisho wa dunia kwa wizi wa nguo au mkate. Wengine wanasema mvamizi ni mvamizi tu, hata akiwa na pingu miguuni.

Msimamo wangu: huruma wanastahili, lakini huruma hiyo haimsafishi mtu damu aliyoimwaga.

Mateso yao hayana ubishi. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwasafirisha watu wapatao 162,000 kwenda makoloni ya Australia. Katika msafara wa pili, mwaka 1790, zabuni ilipewa kampuni ya Camden, Calvert & King, ambayo ilikuwa na uzoefu wa kubeba watumwa kutoka Afrika. Serikali ililipa kwa kila kichwa kilichopakiwa melini, afike hai asifike. Basi watu wakafungwa minyororo gizani, chakula kikabanwa, na karibu robo yao wakafia baharini. Aliyefika alikabidhiwa kwa mwenye shamba amfanyie kazi bila mshahara. Akionekana mkaidi, anapelekwa kwa hakimu, mara nyingi naye mwenye shamba, na hapo ni viboko 50 mgongoni.

Sasa twendeni Myall Creek, kaskazini mwa New South Wales, Jumapili ya Juni 10, 1838. Katika shamba la mifugo la Henry Dangar, watu wa kabila la Wirrayaraay walikuwa wamepiga kambi kwa wiki kadhaa jirani na kibanda cha wachunga ng'ombe. Mchungaji mmoja, mfungwa Charles Kilmeister, aliwazoea kiasi cha kucheza nao ngoma. Jioni hiyo wakatokea wapanda farasi wenye bunduki na panga. Wale watu wakakimbilia kibandani kuomba kinga. Wakatolewa nje, wakafungwa kwa kamba moja ndefu, wazee, akina mama na watoto, wakaswagwa hadi mbali kidogo na kibanda. Waliuawa watu wasiopungua 28, wengi wao kwa panga.

Kilmeister, rafiki yao, aliondoka na wauaji. George Anderson, mfungwa mwenzake wa kibanda kilekile, alikataa. Baadaye akasimama mahakamani Sydney akaeleza alichokiona, wakati wenye mashamba wakiwachangia fedha washitakiwa wapate mawakili.

Kesi ya kwanza iliisha kwa washitakiwa wote kuachiwa, lakini baada ya kesi ya pili watu saba walinyongwa Desemba 18, 1838, Kilmeister akiwemo. Wote walikuwa wafungwa au waliokuwa wafungwa, na mmoja wao, John Johnstone, alikuwa mtu mweusi. Aliyewaongoza, John Fleming, mzaliwa huru na mwana wa wenye mashamba, hakukamatwa kamwe.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji

Mkuu, umeandika vizuri ila umemtwisha mfungwa mzigo wa bwana wake. Hakuchagua kwenda kule. Hakuandika sheria iliyosema nchi ile haina mwenyewe. Angekataa amri, kiboko kingemsubiri. Hata hiyo kesi yenyewe inathibitisha: wanyonge wamenyongwa, Fleming kapona, na ardhi imebaki kwa matajiri. Hapo mnyang'anyi ni London na wenye mashamba. Kumweka mfungwa kizimbani pamoja nao ni kuwapunguzia wao hatia.

Mtoa mada

Ndugu yangu, kuhusu Fleming nakubaliana nawe kabisa, na inaniuma. Alirudi kwao akaishi kama mtu wa heshima hadi uzeeni. Ila hoja ya amri inagonga ukuta kwa Anderson. Naye alikuwa mfungwa, hana silaha, hana wa kumtetea, na waliomzunguka walikuwa na damu mikononi. Viboko alivijua kama Kilmeister alivyovijua. Pamoja na hayo alikataa, kisha akasema hadharani, akijua kwamba kesi ya kwanza ilipokwisha kwa washitakiwa wote kuachiwa, yeye ndiye angebaki uchi mbele ya watu wale.

Pia tusiishie siku ya mauaji. Miaka ya mwanzo, mfungwa aliyepata msamaha aliweza kupewa ekari 30, akiwa na mke anaongezewa 20, na kila mtoto 10. Ardhi ya nani? Ilichukua hadi 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu ya Australia kukiri kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya meli kufika. Aliyeonewa Uingereza alilipwa kwa mali ya mwingine, naye akaipokea, akalima, akarithisha.

Mwaka 2000 wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa wauaji walikutana Myall Creek kuzindua mnara wa kumbukumbu. Wao waliweza kuyasema yote mawili mahali pamoja. Mnaoishi Australia, hasa nyinyi wenzetu mnaozungumza Kiswahili huko, nataka kusikia: watoto wenu wanafundishwa habari za Anderson shuleni, au wanafundishwa minyororo peke yake? Na Januari 26 mnaifanyaje?