Tupeane uzoefu: Riwaya ya vijana iliyokuacha na kinyongo

Msomaji wa Area C
Ndugu zangu, jana nilikuwa nikifuta vumbi kwenye rafu, kwa kuwa mnaoishi Dodoma mnajua kwamba upepo wa mwezi wa nane haubishi hodi, nikakishika kitabu kimoja na hasira ya mwaka jana ikanirudia yote. Ni juzuu ya tatu ya riwaya ya vijana ambayo alinianzishia mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Juzuu mbili za kwanza nilizimaliza kwa siku nne, huku maharage yakiungua jikoni, kwa sababu nilimpenda yule msichana anayehesabu hatua zake kabla ya kuzipiga. Nilisubiri ya tatu kwa miezi saba, nikaipata Dar es Salaam, nikaifungua ndani ya treni ya umeme kabla hatujaondoka stesheni. Tulipofika Morogoro msichana alikuwa ameshasahau kisa kilichomtoa kwao, kwa kuwa kijana mmoja ana macho ya kijivu. Treni ilipoingia handakini, maeneo ya Kilosa, nilijiona kwenye kioo cha dirisha nimenuna kama mtu aliyedhulumiwa chenji. Muuaji wa baba yake anasamehewa kwa ukurasa mmoja na nusu, nimeuhesabu. Mwandishi simtaji, kwa sababu huenda siku hiyo alikuwa anaumwa. Ninachouliza ni hiki: ni riwaya gani ya vijana iliyowahi kuwafanyia hivyo, na kitabu mlikifanya nini?

Mama Wawili, Kisasa
Macho ya kijivu yaliniponza na mimi, dada, na sina la kuongeza.

Mwalimu wa Mpwapwa
Naomba tutenganishe mambo mawili ambayo wasomaji huyachanganya, yaani mwisho unaoumiza na mwisho unaodanganya. Veronica Roth alipotoa Allegiant mwaka 2013, baada ya Divergent ya 2011 na Insurgent ya 2012, wasomaji wengi walimjia juu kwa sababu Tris, msichana aliyetuongoza katika mitaa ya Chicago tangu ukurasa wa kwanza, anakufa kabla kitabu hakijaisha. Mimi sikushangaa. Vitabu viwili vya mwanzo vinasimuliwa na Tris peke yake, lakini katika cha tatu sura zinapokezana kati yake na Tobias, mpenzi wake, nami nilipouona mpokezano huo nilijiuliza tunahitaji mdomo wa pili wa nini, nikajijibu kwamba wa kwanza utafungwa. Mwandishi alikuwa ameacha alama njiani kwa anayetazama chini. Nilisikitika sana, lakini sikuibiwa. Wewe wa Area C umeibiwa, na hilo ni kosa la aina nyingine kabisa.

Kijana wa Makole
Mwalimu, shikamoo, lakini nina malalamiko. Mimi niko katikati ya kitabu cha pili cha mfululizo huo, nimekiazima kwa wiki mbili tu, na sasa umeniambia anayekufa. Anayefunua mwisho wa kitabu na anayemwaga mchanga kwenye mchuzi wa mwenzake sioni tofauti yao.

Mwalimu wa Mpwapwa
Marahaba. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2013, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa tunamtafutia sare za sekondari. Siwezi kuilinda siri ambayo imeshakuwa na umri wa kwenda shule.

Kijana wa Makole
Umri wa kitabu hauhesabiwi tangu kilipochapishwa, Mwalimu, bali tangu mimi nilipokifungua.

Mama Wawili, Kisasa
Katika hili namuunga mkono kijana, ingawa Mwalimu ni mkubwa wetu.

Mkulima wa Hombolo
Mimi yangu haikuhusu mapenzi wala kifo. Niliinunua riwaya ya vijana kwa sababu moja tu, kwamba nyuma ya jalada waliandika kuwa kisa chake kinatokea Dodoma, na sisi huku hatujazoea kujikuta vitabuni. Nilimnunulia binti yangu, nikasema nitaichungulia kwanza. Sura ya pili, msichana anachuma zabibu mwezi wa tano huku mvua kubwa ikimnyeshea. Ndugu zangu, zabibu tunazivuna mwezi wa pili na wa tatu, kisha tena wa nane na wa tisa, na mwezi wa tano mbingu ya Ugogo imeshafungwa kama duka siku ya sikukuu. Nikavumilia. Sura ya tano, anatoka Kondoa asubuhi kwa miguu na jua halijazama yuko Dodoma mjini, safari ya zaidi ya kilomita 150, tena amebeba mdogo wake mgongoni. Bado nikavumilia. Sura ya saba bibi yake, Mgogo wa kuzaliwa, anamwita mjukuu “yakhe”, na hapo kitabu nikakifunga. Binti yangu alikisoma hadi mwisho akasema ni kizuri, jambo lililonikera zaidi.

Msomi wa Ihumwa
Kaka, riwaya si kalenda ya kilimo. Ukitaka misimu ya zabibu muulize bwana shamba.

Mkulima wa Hombolo
Riwaya si kalenda, nakubali, lakini aliyeshindwa kuuliza zabibu zinaiva lini ataniambia nini kuhusu moyo wa msichana wa Kondoa nikamwamini?

Mkutubi mstaafu, Singida
Kinyongo changu ni cha muda mrefu zaidi. Riwaya nyingi za vijana za hapa kwetu, katika miaka niliyokaa kaunta, zilikuwa zinahubiri: msichana akikosea ukurasa wa kumi, ukurasa wa sitini ameshaadhibiwa na shangazi ameshatoa nasaha. Nilikuwa nawaona vijana wakirudisha vitabu hivyo siku ya pili, alama waliyoweka ikiwa palepale ukurasa wa ishirini. Tuzo ya Burt ya riwaya za vijana, iliyokuwa ikiendeshwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilijaribu kuleta hadithi zenye uhai zaidi, na vitabu vilivyoshinda vilifikishwa mashuleni, ila vilikuwa vya Kiingereza, hivyo kijana alisoma mkono mmoja ukiwa kwenye kamusi. Nikumbushe tu kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, na sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma kwa kujificha akasema imemwangusha.

Wa Bweni la Tatu
Nimewasoma nikiwa kazini na kazi imenishinda, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa kirefu.

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja, katika mkoa huu huu, kabla simu hazijaingia mabwenini. Tukiwa kidato cha pili ilitufikia riwaya moja ya Kiingereza isiyo na jalada wala kurasa za mbele, hivyo hatukujua jina lake wala la aliyeiandika. Ilikuwa habari ya msichana wa miaka kumi na sita anayevuka nchi nzima akimtafuta kaka yake aliyetoroka nyumbani. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kinajikongoja vizuri kidogo kuliko cha wenzangu, iliamuliwa kwamba mimi nisome, kisha nisimulie bweni zima baada ya prepo, kipande kwa kipande, nami nilipwe kwa ubuyu na karanga. Nilisoma chini ya blanketi kwa kurunzi, nikimkwepa matroni, siku tisa. Usiku wa tisa msichana amefika kwenye nyumba ya mwisho ya mji wa mwisho, amesikia ndani kikohozi anachokijua tangu utotoni, ameshika kitasa. Nikafunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Kilichobaki kwenye gundi kilikuwa vipande vya karatasi vilivyochomoza kama meno ya mzee.

Mnielewe hali yangu. Wasichana arobaini walikuwa wananisubiri, na ubuyu wa siku hiyo nilikuwa nimeshautafuna. Nilifikiria kusema ukweli, nikakosa ujasiri, kwa hiyo taa zilipozimwa nikaufungua mlango ule kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndani nilimweka kaka mtu, amekonda, anayeishi kwa kuuza maji ya kisima kwa msaada wa punda kipofu aliyekuwa akiijua njia kwa harufu. Punda huyo nilimtoa kijijini kwetu Chamwino. Dada na kaka hawakukumbatiana. Kaka alimpa maji ya kunywa kwanza, kama anavyopewa mgeni, ndipo akamuuliza kama mama bado yuko hai. Bweni zima lililia, na kiranja aliyekuja kutunyamazisha aliketi kwenye kitanda cha chini akaomba nirudie tangu kisimani. Niliurudia mwisho huo mara zisizopungua ishirini kabla hatujamaliza shule, na kila mara punda alizidi kuwa na akili.

Miaka kumi na moja baadaye, Dar es Salaam, kwa muuzaji anayepanga vitabu chini, nilifungua kimoja bila nia yoyote nikakutana na sentensi niliyokuwa nimeikariri. Kina jalada, kina jina, kina mwisho. Nikasoma nimesimama juani, moyo ukinienda mbio kama naenda kumwona ndugu yangu mwenyewe. Msichana anashika kitasa, anafungua mlango, na anaamka kitandani kwao. Ilikuwa ndoto. Kaka yake yupo, hajaenda popote, na kile kikohozi kilikuwa chake bafuni, amepaliwa na povu la dawa ya meno. Siku tisa za kurunzi, machozi ya watoto arobaini, kumbe mtu anapiga mswaki! Nilimrudishia muuzaji kitabu, akaniuliza kama kina kasoro, nikashindwa kumjibu.

Mama Wawili, Kisasa
Nimecheka hadi watoto wamekuja kuuliza kuna nini, kisha nikasikitika.

Mwalimu wa Mpwapwa
Kila mwaka nikisahihisha insha za kidato cha kwanza hukutana na “nikashtuka, kumbe nilikuwa naota”, na kila mwaka hukata alama bila huruma. Sikujua kwamba kuna watu wazima wanaolipwa kwa sentensi hiyo.

Kijana wa Makole
Nauliza kwa heshima zote, dada yangu: ikiwa msomaji ulikuwa wewe peke yako, kurasa hizo zilichanwa na nani?

Wa Bweni la Tatu
Kitabu kilitoka bweni lingine kikiwa hivyo, mdogo wangu, na nilikuwa sijakagua nyuma. Ningechana, ningechana pale penye mswaki na kuacha mengine.

Msomi wa Ihumwa
Dawa ni moja tu: kabla ya kununua, soma ukurasa wa mwisho. Mimi nafanya hivyo miaka yote na sijawahi kudanganywa.

Mkutubi mstaafu, Singida
Usifanye hivyo hata siku moja. Mpe mwandishi kurasa hamsini, na akishindwa kukushika, mrudishe rafuni bila kinyongo. Wa Area C yeye alitakiwa asubiri juzuu zote tatu zitoke, aulize waliotangulia, ndipo aanze.

Mkulima wa Hombolo
Na waliotangulia nani amewauliza? Lazima awepo wa kuliwa na mamba ili wengine wajue mto una mamba. Kitabu changu kinashikilia mlango wa banda la kuku na kazi hiyo kinaifanya vizuri.

Fundi wa Kizota
Samahani, mimi si mwandikaji, huwa napita tu kusoma, lakini leo nimeacha kuranda mbao. Dada yangu mkubwa alisoma bweni katika mkoa huu. Likizo moja ya mwezi wa sita alirudi akatusimulia, mimi na wadogo zangu, habari ya msichana anayemtafuta kaka yake, na mwisho wake ulikuwa huo huo wa kisima, maji ya mgeni na punda kipofu. Tulimwomba aturudie hadi tukaujua wote. Nilipoanza kupata pesa zangu nilikitafuta kitabu hicho kwa kuelezea kisa tu, hadi muuzaji mmoja hapa mjini akanipatia. Nilikisoma mara mbili nikimtafuta punda. Nikamrudia muuzaji, nikamwambia ameniuzia nakala iliyochakachuliwa, naye akaniapia kwa watoto wake kwamba ndicho kilivyo. Nikampigia dada nikamwita mwongo. Akasema punda yupo, amemsikia kwa masikio yake. Tulinuniana karibu mwezi mzima kwa ajili ya punda. Sasa nakuomba jambo moja, dada wa Bweni la Tatu: yule punda alikuwa na kengele shingoni?

Wa Bweni la Tatu
Kaka, nimesoma maneno yako mara tatu. Kengele sikumvisha mimi. Tafadhali muulize dada yako alilala bweni gani, na kama anamkumbuka msichana aliyekuwa akilipwa ubuyu.

Fundi wa Kizota
Nimempigia hapokei. Yuko shamba, Manyoni, na huko mtandao hupatikana mtu akipanda kichuguu. Nikimpata nitarudi.