Naomba ushauri: mtoto anasema alipigwa ili atoe ushahidi

Wakuu, mdogo wangu amehukumiwa miaka 30 kwa kosa la kubaka, mahakama ya wilaya, siku sita zilizopita. Kilichomtia hatiani ni ushahidi wa binti wa jirani, miaka 11. Jana jioni binti huyo alikuja kwa mama, akakaa kwenye kigoda anavuta nyuzi za kanga, akasema mjomba wake alimchapa usiku mpaka akakariri maneno yote. Mama alilia. Mimi niliishiwa nguvu.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi kusema kweli. Mdogo wangu anasema hakusikia ahadi hiyo. Mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) bado hatujapewa.

Notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10, hivyo zimebaki nne. Je, ataijaza akiwa gerezani? Na maneno ya mtoto tuyafikishe vipi bila kuonekana tumemrubuni shahidi? Bado analala nyumba moja na huyo mjomba. Nianzie ustawi wa jamii au kwa wakili?